Kwenye mchoro wa ghorofa, uani uko wapi?

Rasimu ya mkataba tuliyoletewa na mwekezaji ina kurasa kumi na moja, na ukurasa wa tatu umeorodhesha kila kilichopo juu ya kiwanja chetu hapa Mchikichini. Nyumba moja ya vyumba sita, bati kuukuu. Choo na bafu vya nje. Shimo la maji machafu. Mwembe mmoja. Mstari wa mwisho unasema sehemu iliyobaki haitumiki. Sehemu hiyo iliyobaki ndiyo uani, na haya nayaandika nikiwa nimeketi humo humo, ungo wa matembele ya mchana uko mapajani.

Sina ugomvi na maghorofa. Naliweka wazi mapema kwa sababu kaka yangu amekwisha kunitangaza kwa ndugu kwamba mwalimu mstaafu anazuia maendeleo kwa ajili ya mchicha. Nyumba yetu ni ya Kiswahili kama alizozijua kila mtu aliyekulia Ilala na Kariakoo: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, uani nyuma. Baba aliijenga kwa jasho lake, Mungu amrehemu, lakini bati linavuja masika yote, na aliyewahi kupanga foleni ya choo kimoja na wapangaji saa kumi na moja alfajiri hawezi kuniimbia sifa za nyumba za zamani. Warithi tuko wengi. Kiwanja kilicho hatua chache kutoka Kariakoo kina thamani ambayo nyumba ya chini haitailipa hata ikae miaka mia. Kwa mirathi yetu ya Kiislamu fungu langu ni nusu ya fungu la kaka, na sidai zaidi ya hapo. Ninachodai ni kwamba kabla hatujasaini, kinachovunjwa kihesabiwe kwa haki.

Basi nihesabu mimi. Nianze na mboga, maana ndizo zinazochekwa.

Kando ya ukuta wa jirani nimesimamisha magunia ya mboga. Gunia la kupandia lina ufundi wake. Unachukua kopo la rangi lililotobolewa juu na chini, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza kokoto, kisha unazunguka nje yake kwa udongo uliochanganywa na samadi. Unalivuta kopo juu, unajaza tena kokoto, unajaza tena udongo, mpaka gunia linafika kifuani. Mwishowe ndani yake kuna nguzo ya kokoto tangu juu hadi chini, na hiyo ndiyo njia ya maji. Bila nguzo hiyo mboga za juu zinaoza na za chini zinakufa kiu. Ubavuni unatoboa kwa kisu na kuchomeka miche. Samadi naletewa na kijana wa bodaboda kutoka upande wa Vingunguti, kwenye machinjio, na kila akifika wapangaji wanaziba pua. Jioni wapangaji hao hao wanakuja kuomba fungu.

Mchicha ukiumwagia mbegu leo, baada ya wiki tatu au nne unakula. Mimi siung'oi. Nachuma ncha, shina linatoa matawi, nachuma tena. Matembele ni rahisi zaidi: kipande cha mche chenye urefu wa shibiri moja na nusu, vifundo viwili chini ya udongo, basi. Maji ya kisima cha mtaa huu yana chumvi. Matembele yanayavumilia, pilipili haiyataki kabisa, kwa hiyo pilipili na nyanya chungu zinanyweshwa maji ya kuoshea mchele na ya kuoshea mboga. Vidukari wakivamia, natwanga majani ya mwarobaini, nayaloweka usiku kucha, asubuhi nachuja, natia sabuni kidogo na kunyunyizia. Majivu ya jikoni nayo yana kazi. Kwenye ndoo zilizopasuka nina mrehani na mchaichai. Kisamvu kimesimama penye kona, mlonge umepita ukuta na majirani wa upande wa pili wanauchuma bila kuniuliza. Sawa tu.

Fungu la mchicha gengeni sasa ni Sh500, na masika, mvua inapoharibu bustani za mabondeni, fungu hilo hilo linakuwa jembamba mpaka unaweza kulivisha kidoleni. Kwa kaya yetu, pamoja na vyumba viwili vya wapangaji wanaokula nasi mara kwa mara, mboga ya uani inaokoa fedha ambayo mpwa wangu, mhasibu, anaiita ndogo. Ni ndogo kweli. Mpwa wangu hajawahi kupika kwa bajeti ya siku.

Lakini fedha si hoja yangu kubwa kwenye mboga. Ukishuka kutoka kwetu, si mbali, unafika bonde la Msimbazi. Mto ule unapokea maji machafu ya viwanda, gereji na makazi ya nusu ya jiji, na kwa miaka mingi pembezoni mwake ndiko kulikolimwa mchicha tunaouziwa. Watafiti wetu wa vyuo vikuu wamepima mboga za bonde hilo zaidi ya mara moja na kukuta madini mazito, risasi ikiwemo, kupita viwango vinavyoruhusiwa. Kuosha hakusaidii sana, kwani madini yameingia kwa mizizi. Siwalaumu wakulima wale. Walilima palipokuwa na maji. Na bonde lenyewe halikuwaonea huruma. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafagia watu na nyumba, baadhi ya walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande, na sasa kuna mradi wa kuliendeleza bonde kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao umewalipa watu fidia wahame. Ni jambo la lazima. Ila mboga za majani haziwezi kusafiri mbali kama kabichi ya Lushoto au nyanya ya Morogoro. Ukiufunga mchicha ndani ya lori siku nzima, unafika umekuwa majani ya kulishia mbuzi. Sehemu kubwa ya mboga za majani za mji huu imekuwa ikitoka ndani ya mji huu huu. Tukiziondoa bustani za bondeni na kuziba uani zote kwa zege, mboga itatoka wapi?

Watawala wetu waliwahi kulielewa hili. Njaa ya 1974 ilileta kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, tukalimishwa mpaka viwanja vya shule. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, iliyotaka kila mkazi wa mji aonyeshe kazi yake, na katika dhiki ya miaka ile hata wakubwa wa ofisini walifuga kuku nyuma ya nyumba za serikali. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 zilimruhusu mkazi wa mji kulima hadi ekari 3 na kufuga ng'ombe wasiozidi 4 wa kufungiwa. Ekari 3 Mchikichini ni mtaa mzima, lakini angalau mwandishi wa kanuni zile alijua kwamba mtu wa mjini naye ana mikono.

Sasa kufuma.

Watu wa bara wakisikia nafuma masweta Dar es Salaam hunicheka: mji ambao hata Julai, kwenye kipupwe, watu wanalala na feni. Wanamsahau mtoto mchanga. Hakuna mzazi wa kwetu atakayetoka hospitali na kichanga kisicho na kofia, sweta na soksi, hata kama ni Februari na jua linayeyusha lami. Bibi wa mtoto hatakubali. Katika beseni la mjamzito anayejiandaa, chini ya khanga na pamba, kuna nguo hizo tatu. Kwa sweta labda tunazidisha. Kwa kofia wala hatuzidishi, maana kichanga hupoteza joto upesi, na mtoto njiti zaidi. Kofia za njiti ndizo kazi ninayoipenda kuliko zote. Haziuzwi madukani kwa kipimo chao. Naanza kwa vitanzi vichache sana, kofia ikimalizika inaingia kwenye chungwa, na anayeniagiza mara nyingi ni nyanya au shangazi mwenye wasiwasi ambaye hataki kupatana bei.

Nyuzi mpya zinapatikana Kariakoo, lakini nusu ya nyuzi zangu zinatoka Soko la Mchikichini, hili ambalo watu wengi wanaliita Karume. Hapa ndipo mitumba ya nchi inapofunguliwa. Alfajiri belo linakatwa kamba, nguo za kwanza zinagombewa na wenye maduka, suruali za jinzi zina watu wake, magauni yana watu wake. Masweta mazito ya baridi ya Ulaya yanawangoja wafanyabiashara wa Njombe, Makete na Mbeya, wanaokuja kufunga mizigo ya kupandisha huko. Yanayobaki ni yenye tundu, yenye doa la divai, yaliyopauka kiwiko. Hayo ndiyo yangu, kwa bei ya kutupa.

Si kila sweta linafumuka, na hapa nawapa wasomaji siri ya bure. Geuza nguo ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukikuta umezungushwa na ovaloki, liache. Lilikatwa kama kitambaa, na uzi wake utakutoka vipande vipande kila mwisho wa safu. Ukikuta kingo nzima zimeungwa kwa mnyororo wa vitanzi, lipia. Fumua mshono kwanza, kisha anzia shingoni, maana masweta mengi yalimalizikia hapo, na uzi utakuja wenyewe bila kukatika. Uzungushie kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uufue kwa sabuni ya unga, uanike kwenye kamba ukining'iniza chupa ya maji chini yake ili mikunjo inyooke. Kama hujui ni sufu au akriliki, choma ncha: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa mtoto wa Pwani natafuta pamba kabla ya vyote viwili. Na kila nikipata sweta la pamba kwenye mtumba najiuliza kama pamba hiyo haikuota Simiyu au Shinyanga, maana sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu. Inakwenda huko, inasokotwa, inafumwa, inavaliwa, inachakaa, inarudi Karume ndani ya belo, ndipo mwalimu mstaafu anaifumua apate uzi.

Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya soko lake chini ya sheria yake ya biashara, AGOA, na kufika 2018 ni Rwanda peke yake iliyoshikilia msimamo, ikaadhibiwa kwenye nguo. Sisi tulirudi nyuma. Nilipokuwa msichana nguo hizi tuliziita kafa Ulaya na tulizivaa kwa aibu. Leo watoto wanazitafuta kwa jina la kampuni. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022 soko letu liliungua, na asubuhi tuliwakuta vijana wamekaa kwenye majivu ya mitaji yao. Miezi sita kabla, Julai 10, 2021, lilikuwa limeungua Soko Kuu la Kariakoo, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lenye miavuli ya zege, lililofunguliwa 1975. Eneo hili limejua hasara zinazoonekana. Zinapigiwa picha, kamati inaundwa, bajeti inatengwa.

Hasara ya uani haina moshi.

Nifafanue kwa nini kazi hizi mbili, mboga na uzi, ni kazi moja kwa mahali. Kufuma kunahitaji mwanga wa mchana lakini si jua kali, kwa hiyo unahitaji kivuli cha nje: mwembe wetu. Chumba cha ndani cha nyumba za mjini ni giza saa sita mchana. Ukifumia humo unalipa umeme wa LUKU na macho. Kufumua kunatoa vumbi na manyoya ambayo hayafai karibu na kitanda cha mtoto. Uzi uliofuliwa unahitaji kamba ndefu na upepo. Mboga nazo zinahitaji mtu awepo, asiyefanya haraka, anayeinuka kila baada ya safu chache kufukuza kuku, kugeuza gunia, kuchuma kiwavi. Mikono inafuma, macho yanalinda bustani, masikio yanasikiliza watoto wa wapangaji wanaocheza chini ya kamba ya nguo. Mama zao wako Kariakoo wanauza. Hakuna anayenilipa kwa kuwatazama, na hakuna anayehitaji kunilipa, maana mmoja wao ndiye anayenibebea maji.

Jumatano kikundi chetu cha kikoba kinakutana hapo hapo. Mikopo midogo, vitabu vya hisa, kisanduku chenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Mwanamke aliyejifungua analetwa uani kupewa pole na uji. Msiba ukitokea, uani ndiko wanawake wanakoketi na sufuria kubwa zinakoinjikwa. Mkataba wa mwekezaji umeviita vyote hivi kwa jina moja, haitumiki.

Kwenye kufundisha nilikotoka, somo letu liliitwa Sayansikimu. Tulifundisha kupika, kushona, kufuma, lishe, usafi wa nyumba. Miaka ya uhaba sindano za kufumia hazikupatikana, watoto walileta spoku za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye sakafu, na kwa spoku hizo walifuma soksi nzuri kuliko nyingi ninazoziona leo. Baadaye somo liliingizwa kwenye Stadi za Kazi, sindano zikapotea kabisa. Sasa sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, ulioanza Januari 2024, na nimefurahi kwa dhati. Mtoto atatakiwa ajue kazi ya mikono. Atafanyia mazoezi wapi akirudi nyumbani, kwenye korido ya ghorofa ya saba?

Niliyefundisha naye miaka mingi anaishi ghorofa ya tano, Kariakoo, kwa mwanawe. Choo cha ndani, maji yanapanda kwa pampu, marumaru zinang'aa, na ninapomtembelea namwonea wivu mpaka namaliza kuoga. Kisha namwangalia anavyoishi. Kanuni za jengo zinakataza vyungu kwenye korido. Zinakataza kuanika nguo upande wa barabarani, na upande mwingine ni ukuta wa jengo la jirani. Zinakataza kinu, kwa sababu wa ghorofa ya nne analalamika, na ana haki. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, aliyekuwa akitwanga kisamvu kikalegea kama hariri, sasa ananunua cha kusaga kwa mashine kilichofungwa kwenye mfuko. Sindano zake ameniletea mimi. Anasema hana mtu wa kufuma naye na hana pa kukaa ila mbele ya televisheni. Hajalalamika hata mara moja; mwanawe anamtunza vizuri. Mimi ndiye ninayelalamika kwa niaba yake.

Mpwa wangu amenipigia hesabu kwenye simu. Mita za mraba za uani, mara idadi ya ghorofa, mara kodi ya chumba kwa mwezi. Upande wa pili akaweka mboga zangu na seti za watoto: sweta, kofia na soksi, Sh18,000, wakati Mtaa wa Kongo unapata seti ya kiwandani kwa Sh10,000 na mfuko wa kubebea juu. "Shangazi, huoni?" Naona, baba. Kwa hesabu hiyo nimeshindwa kabla sijafungua mdomo. Lakini kodi ya chumba inaingia kwenye akaunti ya warithi na kugawanywa, na kwa desturi za nyumba yetu akaunti hiyo ina watia saini wanaume wawili. Fedha ya mboga na uzi iko kwenye pindo la khanga yangu leo hii. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyekuja Dar es Salaam miaka ya 1980 na kutoa kitabu chake 1997, alionyesha jinsi mishahara ilivyoporomoka na kaya za mji huu zikaishi kwa miradi midogo, mingi ikiwa mikononi mwa wanawake: maandazi, ushonaji, kuku, bustani. Wengi wa wanawake hao walikuwa na ofisi moja, na ilikuwa nyuma ya nyumba. Waliosoma kwa ada ya ofisi hiyo ndio wahasibu wa leo.

Sasa nije kwenye ninachokitaka, maana kulalamika bila kutaka kitu ni kupoteza karatasi ya gazeti.

Ghorofa lijengwe, na uani uwemo kwenye mchoro. Linawezekana bila muujiza. Majengo ya mtaani kwetu yanaweka fremu za maduka chini zinazokwenda hadi ukingoni mwa kiwanja, kisha vyumba vinapanda juu yake vikiwa vimejaa vile vile. Vyumba virudi nyuma kidogo, juu ya paa la fremu libaki eneo la wazi la wakazi wote: bomba la maji, mifereji ya udongo iliyojengewa, kamba za kuanikia, kivuli, na pembe moja yenye sakafu nzito ya kinu. Eneo la pamoja, siyo la mwenye hela ya chumba cha juu. Mwekezaji atapoteza vyumba vichache. Najua hatafurahi.

Na liwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, wahandisi walipigie hesabu. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa inakaribia tani 2. Baada ya jengo la Kariakoo kuporomoka Novemba 16, 2024 na kuua watu, sitaki kusikia mtu anapandisha magunia juu ya paa kwa kificho kwa sababu hakutengewa pa kuyaweka. Watu watayapandisha. Nawajua wanawake wenzangu.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu 2021 ndiyo iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ndiyo inayopokea michoro ya kata hii na kutoa vibali. Inauliza kuhusu maegesho ya magari, ngazi za dharura, maji taka. Iulize na hili. Kule Magomeni Kota serikali ilivunja nyumba za zamani, ikajenga maghorofa, na Machi 2022 kaya 644 zilizoishi pale zikarudishwa kwenye makazi mapya. Kwa hiyo hoja kwamba wakazi wa zamani hawana nafasi kwenye mji mpya haina nguvu tena. Wakiamuliwa warudi, wanarudi. Kinachobaki ni kuamua warudi na nini.

Kwa wenye viwanja wenzangu wa Mchikichini, Ilala na Gerezani ambao wawekezaji wanawabishia hodi, nina ombi moja la kawaida kabisa. Msiulize bei kabla ya kuuliza mchoro. Mkishauliza mchoro, waiteni wanawake wa nyumba waukague, wakiwemo wasio na fungu la mirathi: mke wa kaka, mpangaji wa siku nyingi, binti anayelea. Waulizeni wataanika wapi, watatwanga wapi, mtoto atacheza wapi mama akiwa dukani. Andikeni majibu kwenye mkataba, kabla ya sahihi na mbele ya wakili.

Kikao cha familia yetu ni Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri. Rasimu ya kurasa kumi na moja nimeisoma yote na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu, kama nilivyozoea. Bila uani kwenye mchoro, sahihi yangu haitapatikana.